Gumba na Shahada

Jumamosi, La Chaux-de-Fonds.
Theluji imefika vizingitini mwa madirisha,
na jirani yetu, Bwana Perrenoud, anatafuta gari lake kwa fagio,
anabisha hodi juu ya kila kilima cheupe.

Ndani nimetandika kitambaa cha samawati mezani,
nimemwaga pamba, madonge thelathini,
nimeweka trei ya barafu, vyumba kumi na viwili,
na koleo la sukari la bibi yake.
Haya, Zélie. Theluji imeanguka.
Kila nyumba inataka paa lake.

Ana miaka miwili na miezi mitatu.
Analitazama koleo
kama mtu anayemtazama mgeni aliyefika na mizigo.

Mimi siku tano za juma nala kwa kibano.
Changu ni cha chuma, ncha zake sindano;
nashika springi nyembamba kuliko unywele,
nabana pumzi, naiweka mahali pake,
saa inaamka.
Mkaguzi hajawahi kunirudishia kazi.
Nikadhani hili nitamfundisha kabla chai haijapoa.

Kumbe!

Donge la kwanza likaruka chini ya jokofu.
La pili likaenda kinywani, likatoka limelowa.
La tatu likashikwa, jamani, likashikwa!
kisha mkono ukasahau ulichotumwa
ukaenda kukuna sikio.
Vidole vitano vyataka kwenda pamoja,
hakuna anayetaka kubaki nyumbani.
Nikaukamata mkono wake, nikaukunja:
wewe wa mwisho, wewe wa pete, wewe wa kati, laleni.
Gumba, shahada: kazini.
Akauchomoa.
"Mwenyewe!"

Nikaikalia mikono yangu.

Hapo nikamkumbuka Bi Matthey, mwalimu wangu wa karakana,
mwaka ule wa kwanza, skrubu ziliponidondoka kama chawa.
Mchana mzima nilitambaa sakafuni kuisaka moja,
naye kasimama juu yangu, mikono mifukoni mwa aproni,
hasemi neno.
Nilimwita mkatili, kimoyomoyo, miaka kumi na minne.
Leo nadhani najua mle mifukoni
vidole vyake vilikuwa vikifanya nini.

Kimya.
Koleo la plau ya manispaa linakwangua barabara huko chini.
Koleo la Zélie linafunguka.
Ulimi umechungulia pembeni mwa mdomo.
Linafunga, kidogo mno; linafunga tena.
Pamba inaachana na meza.
Inapita juu ya kisahani cha siagi,
inapita juu ya kijiko,
safari ya shubiri moja, na mimi sijavuta pumzi.
Kidole kimoja hakivunji chawa, walisema.
Hivi viwili, vinavyonata jamu,
vimebeba dhoruba nzima ya theluji
na kuishusha katika chumba cha saba.

Si cha kwanza. Cha saba.
Alikichagua.

Nilikuwa tayari kupiga makofi.
Yeye akakitazama, akalitoa donge, akalirudisha,
akalitoa. Halafu akalitupa koleo,
akakumba pamba yote kwa viganja viwili
akairusha darini: "Theluji!"
Ikatuangukia kwenye siagi, kwenye nywele,
ndani ya chai ambayo, kwa kweli, ilikuwa imepoa.

Jumatatu, kazini, naingiza mkono mfukoni mwa koti
kutafuta kitambulisho,
nakuta kitu laini, kikavu, chenye alama ya jino.
Karakana yetu haitaki hata unyuzi wa vumbi.
Mlangoni kuna tangazo, na chini yake pipa.

Sikulitupa.
Nimelifunga katika kibweta cha chakula,
kisha nimenawa mikono, nimevaa lenzi jichoni,
nimeinua springi ya kwanza ya siku.

Ikaniruka.