Upande wa Tammen

Usikate siku ya jua, alikuwa akisema Gerold,
ncha changa zitaungua ziwe rangi ya chai.
Ngoja wingu.
Huku Frisia ya Mashariki wingu halina haja ya kungojwa.

Usikate kabla hujachungulia viota.
Juu pawe pembamba, chini pawe panene,
mwanga ufike miguuni, la sivyo mithuja huvua nguo kuanzia chini
na jirani akaziona soksi zako kwenye kamba.
Na zaidi ya yote usivuke kijani.
Ukiingia kwenye kahawia, kwenye vijiti vikavu vya ndani,
hapachipui tena.
Miti isiyopukutisha majani haipukutishi makosa pia.

Ua huu ulipandwa kwa hasira, miche arobaini na miwili,
kwa sababu ya mfereji, na maji ya mfereji, na neno moja
ambalo Hinrich Tammen alilisema mbele ya watu
na mume wangu akalijibu kwa sepetu.

Miaka kumi na tisa.
Kila mwisho wa Juni tulipunguza, sisi upande huu, yeye ule.
Gerold alipofariki nikabaki mimi na mkasi.
Nilimjua Tammen kwa sauti ya wake:
kata, kata, kimya.
Nikikohoa, mkasi wake unasubiri.
Akipiga chafya, wangu unasubiri.
Hatukuwa na salamu nyingine.

Mwaka huu, kimya tu.
Upande wake ukaumuka kama unga uliotiwa hamira.
Bintiye Insa akaniambia langoni: baba yuko Emden, kwenye nyumba ya wazee.
Ni magoti. Na sasa majina nayo yanamponyoka.

Nikabeba ngazi, nikazunguka kwa barabarani,
hatua sitini ambazo sikuwahi kuzipiga.
Kutoka kwenye nyasi zake nyumba yangu haikuonekana,
ila bomba la moshi na kofia yake ya bati.
Hivi ndivyo alivyotuona: kofia ya bati.

Chini ya machipukizi ya mwaka huu mstari wake ulikuwepo bado,
mnyoofu kuliko wetu. Lazima niseme hivyo.
Na mti wa kumi na saba,
ule uliopasuka usiku wa theluji nzito, Gerold akiwa hospitali,
ule niliodhani umejiponya wenyewe,
ulikuwa umefungwa.
Waya, ndani ya kipande cha mpira wa kumwagilia ili gome lisiumie,
na kwenye waya mikunjo ya zamani, mitatu, labda minne:
kila shina liliponenepa, mtu alikuja kuulegeza.

Nikakata hadi mikono ikanuka utomvu.
Kata, kata, kimya.
Nikaulegeza waya, nafasi ya kidole kimoja,
nikamwaga ndoo mbili shinani, maana mvua imekuwa bahili.

Insa akauliza nadai kiasi gani.
Nikamwambia, ukienda Emden
muulize baba yako fundo lile hufungwaje.