Nati, Moja

Saa kumi na moja kasoro, Dodoma bado imejifunika shuka,
natembea lami kutoka mwisho mpaka mwisho,
tochi mkono wa kulia, ndoo mkono wa kushoto.
Kazi yangu ni kuinama.

Wiki hii nimeokota kokoto tatu, kifuniko cha soda,
mfuko wa ubuyu uliopeperuka kutoka Majengo,
unyoya wa mwewe, na kandambili moja ya mtoto
ambayo hadi leo sielewi ilivukaje uzio.
Ijumaa, siku ya mwisho kabla ya likizo yangu,
karibu na mistari myeupe: nati.
Ndogo kama punje ya muhindi,
baridi yote ya Julai imejibana humo.
Nikaitia mfukoni. Nikaandika daftarini: nati, moja.

Dorika Masinga, msimamizi wangu, hana mafumbo.
"Chilewa," husema, "injini haina meno ya kutafuna chuma.
Ikimeza, imemeza."
Wahenga walituachia ufa na ukuta;
sisi wa lami tuna nati na watu sabini.

Saa moja na nusu wanaingia wasafiri wa matembezi.
Nawajua kwa viatu: vya kazini vimeshakata tamaa,
vya mapumziko vinang'aa kwa woga.
Yupo mwalimu mstaafu wa Mpwapwa
anayekwenda kuona maporomoko kule Livingstone,
amebeba mlenda mkavu, maana ugenini huaminiki tumbo.
Wapo maharusi wa kwenda Unguja, mizani imewakatalia kilo nne,
wanafungua sanduku mbele za watu,
shela inamwagika sakafuni, wanacheka.
Hakuna anayeniuliza habari za nati.
Na isiwe vinginevyo. Siku wakiniuliza, mambo yatakuwa yameharibika.

Ndege inageuka, inavuta pumzi,
inapita palepale nilipoinama,
nami kwenye uzio nahesabu kimoyomoyo
mpaka magurudumu yaingie tumboni.
Sijawahi kupanda. Naijua ndege kwa kisogo.

Mwezi wa hofu ni Novemba.
Mvua ya kwanza ikigusa vumbi, kumbikumbi hutoka ardhini
kama maneno ya mlevi, bila mpango wala mwisho,
na nyuma yao mwewe, korongo, kunguru, ukoo mzima.
Watoto wa jirani wanashangilia kitoweo;
sisi tunapuliza filimbi, tunafukuza mbawa zisizo na tiketi.
Mwaka juzi ndege ilizunguka juu ya Mlimwa dakika arobaini
ikisubiri korongo wamalize kula.
Abiria walishuka wananuna, ratiba zao zimevurugika.
Dorika akawatazama wakipita, akatabasamu:
"Waache. Anayelalamika anapumua."

Basi, likizo. Loi akasema, nasi twende mahali,
si kila mwaka kuwasindikiza wenzetu kwa macho.
Jumatatu tukapanda basi hadi Kolo,
sisi wawili na Nyemo wetu wa miaka sita,
tukakwea mawe kuwaona watu waliochorwa kwa rangi nyekundu
kabla Kondoa haijapewa jina.
Wembamba, mikono imenyooka,
nywele zimevutwa nyuma na upepo tusiousikia.
"Baba, hawa wanaruka?"
Mwongozaji akasema wataalamu bado wanabishana.
Loi akasema wanaogelea; wamechoka na ukame huu.

Mimi nilikuwa natazama chini.
Jiwe legelege, hatua moja mbele ya mguu wa mtoto.
Nikainama.

"Wewe! Uko likizo," Loi akasema,
na kicheko chake kikagonga mwamba, kikarudi.
Nikatia jiwe mfukoni, kwa mazoea tu,
mfuko wa suruali ileile ya Ijumaa,
likagongana na kitu.
Nilisahau kuikabidhi.