Unga wa Jiwe

Alilitoa ndani ya soksi, soksi ndani ya mfuko,
mfuko ndani ya koti ambalo hakulivua
ingawa mabati ya Eneo la Viwanda yalikuwa yakilia kwa jua.
"Nimeambiwa ni dhahabu," akasema Lokwawi.
Hakusema ni nani aliyemwambia.

Mimi huwa siulizi. Chombo changu ni kigae,
kigae cha bafuni kilichogeuzwa mgongo,
upande ule usiong'aa, unaouma kidogo ukiupapasa.
Nyuma ya mlango, kwa wino mwekundu,
Bi Kerubo aliyenitangulia kwenye meza hii aliacha:

*Usihukumu kwa rangi, rangi ni nguo ya jiwe,*
*Za kuazima ni nyingi, nawe usihadaiwe,*
*Unga wake ni msingi, likwaruze ulijuwe,*
*Hata ling'are kwa wingi, bado lisinunuliwe.*

Nikalikwaruza.
Dhahabu ingeacha njano, njano ileile ya uso wake.
Hili liliacha mstari mweusi wenye ukijani,
kama masizi ya sufuria iliyosahauliwa mekoni.
Pairiti. Chuma na kiberiti
vilivyokutana gizani kwenye maji ya moto,
vikajipanga pembe kwa pembe
hadi vikawa visanduku ambavyo hakuna seremala aliyevipiga randa.
"Dhahabu ukiipiga nyundo hulala," nikamwambia.
"Hili hupasuka, hutoa cheche. Nusa."
Akanusa. Akacheka kidogo,
kicheko cha mtu aliyekwisha kuuza mbuzi kumi na wanne.

Sikujua la kumwambia. Nikamwambia habari za ukuta.

Huo ulio nyuma yako, nikasema,
huo wa kijivu ambao hakuna anayeuficha ndani ya soksi,
ulikuwa uji wa moto
kabla Ngong haijapata vifundo vyake.
Ulitiririka juu ya nyika isiyokuwa na mtu wa kukimbia.
Hivyo vidirisha vyeupe unavyoviona
viliumbika huko chini, vikiwa na wakati wa kutosha;
sehemu iliyobaki ilipigwa na baridi ya nje
ikaganda kabla ya kujua itakuwa nini.
Na jivu likanyesha, tabaka juu ya tabaka,
likajilalia, likashikana,
hilo ndilo jiwe laini wanalolikata kwa msumeno kule Ndarugo
na kuliuza kwa futi.

Mama yangu, Syombua, alivunja kokoto Njiru
miaka kumi na tisa.
Neno fonolaiti hakulijua.
Alijua kugonga na kunyamaza:
jiwe zima hulia *ngee*, kama kengele ya shule;
lenye ufa husema *ndu*, na halisemi tena.
Watoto wa machimboni walimletea mawe ayasikilize
kama watu wanavyopeleka saa kwa fundi.
Alilipwa kwa debe. Sikio lake halikulipwa.
Na kucha, ambazo vitabuni ni kipimo cha kwanza cha ugumu,
yeye zilimwisha
kwa mawe ambayo ukucha hauyawezi.

Lokwawi akageuka.
Akaugonga ukuta kwa kifundo cha kidole, mara mbili,
akainamisha kichwa.
"Na langu," akauliza, "linaliaje?"

Sijawahi kuulizwa hivyo na mteja.
Tulilining'iniza kwa uzi wa kushonea magunia,
nikaligonga kwa kijiko cha chai.
Lilitoa sauti ndogo, kavu,
nayo ikakatizwa na lori lililokuwa likirudi nyuma nje.
Tukagonga tena.

Akalirudisha ndani ya soksi, akaifunga fundo,
akasema binti yake hupenda vitu vya kumetameta.
Daftarini niliandika tarehe, uzito, rangi ya unga.
Safu ya thamani nikaiacha wazi,
kisha nikakiosha kigae kwa sabuni, kwa mchanga, kwa limau.
Mstari haukutoka wote.