Kuipeleka Konde

Daktari wa Mkoani alilibonyeza goti,
akasema, "Hili limekwisha grisi. Baiskeli basi."
Siku ya tatu nikaiuza kwa simu
kwa mwalimu mpya aliyepangiwa Makangale.
Gari ya Konde wakataka nauli yangu na nauli yake.
Nikawauliza: kitu chenye magurudumu
kinapandaje gari?

Nikatoka baada ya alfajiri
na pampu, viraka, ufunguo namba kumi na nne,
na chupa ya chai niliyoifunga kwenye keria
kwa mpira uleule uliofungia kreti la boflo
miaka ishirini na miwili.
Kreti nimeliacha nyumbani. Kuku wameshalihamia.

Mlima wa Pemba hukukopesha mteremko:
dakika mbili shati limejaa upepo,
kisha robo saa ya kulipa, na riba juu.
Kushuka nilikaa. Kupanda nilisukuma,
goti likilalamika, mnyororo ukiitikia.

Mtambile, nusu ya lami ilikuwa ya karafuu,
jamvi baada ya jamvi,
na askari wao wa miaka saba, fimbo mkononi:
"Mzee! Pita kule! Usizikanyage!"
Nikapita kule.
Lori la mchanga nalo likapita kulekule.
Tuliachana kwa upana wa kiganja.

Mizingani, pancha.
Nikaipindua miguu juu, nikapiga hodi, nikaomba maji.
Mkono ukatoka mlangoni na beseni, wenyewe sikuuona uso.
Tundu halijifichi majini: povu, povu, povu.
Watoto wakahesabu viraka vya zamani, kumi na kimoja.
Sauti ikauliza kutoka ndani,
"Huo ni mpira wenye viraka
au ni viraka vyenye mpira?"
Beseni likakataliwa kurudi tupu-tupu,
mpaka nimalize mhogo wa nazi.

Njia nzima waliniuliza, kwa maana njia ni ya kuulizana.
"Wendapi, yakhe?"
"Konde."
"Kuna nini Konde?"
"Nampelekea mtu baiskeli yake."
Mara ya kwanza ilikuwa jibu tu.
Mara ya nne, nikiipita Chake,
nikajisikia ninavyoishika: kwa adabu,
kama ushikavyo kitu cha watu.

Mvua ya vuli ikanikamata Ole.
Nililala kwenye baraza ya duka lililofungwa,
gunia la mchele juu yangu,
kamba kutoka fremu hadi kifundo cha mguu,
kama mtu na mbuzi wake.
Usiku nilivutwa. Nikaruka, "Mwizi!"
Kumbe ni miye nimejigeuza.

Adhuhuri ya pili, Konde.
Thuwaiba Ngwali kanizidi urefu kichwa kizima.
Akapanda, magoti yakagonga usukani.
"Nipandishie kiti, mjomba."
Nati ikakataa, ikalia, ikakubali.
Nikaivuta nguzo ya kiti, inchi nne,
na chini ya pete ya kutu
kikatoka chuma cheupe, king'aavyo,
kisichowahi kuona vumbi wala unga wala jasho langu
tangu siku nilipoikaza nati ile nikiwa kijana.
Nilikuwa naye humo ndani siku zote, na sikujua.

Akahesabu pesa mara mbili, mara ya pili kwa ajili yangu.
Akapiga kengele bila ya sababu.
Akaishika njia ya Ngezi, mgongo wima,
mkoba wa madaftari pale pa kreti,
msitu ukamfunga.

Kwenye gari ya kurudi, tumeshaipita Ole,
ndipo nilipoitazama mikono yangu:
pampu.
Na mpira wa nyuma una viraka kumi na viwili.