Jaza Nafasi Zilizo Wazi

Kidaraja cha miti kilikwenda na maji usiku wa Jumatano,
mvua za Aprili zikishuka toka mlimani bila hodi.
Asubuhi Aikaruwa akavua viatu,
vile nilivyovitia soli mara mbili kwa uzi wa nailoni,
akavifunga kamba, akavivaa shingoni,
akavuka mto maji yakimfika kiunoni,
mkoba kichwani kama mzigo wa majani ya ng'ombe.
Mimi nilikwisha kufika Moshi mjini,
nimekaa kwenye kigoda changu karibu na stendi,
nikishona viatu vya watoto wa watu.

Jumamosi tukaitwa mkutano.
Darasa la tano, madawati ya watoto,
magoti yetu yakitafuta pa kukaa.
Bwana Kiwelu, mtendaji, alikuja na faili la kijani.
Alisema: serikali ina nafasi yake,
na mzazi ana nafasi yake.
Alisema ada imefutwa,
basi mzazi asitake na jasho lifutwe.
Alisema bajeti, akasema mchakato,
akafungua faili, akalifunga.

Lyaruu wa mashine ya kusaga akainuka:
Kodi nalipa. Ushuru nalipa. Hata risiti ya chumvi naidai.
Sasa mnataka na mgongo?
Makofi.
Mwingine akakumbusha msaragambo,
pembe ikilia kila nyumba inatoa jembe na mtu wa kulishika.
Akaulizwa: msaragambo upi,
nawe mfongo wa babu yako umeufukia
ukajenga juu yake vyumba vya kupangisha?
Tulicheka sana. Kicheko kile ndicho kilichoua mkutano.

Mama Ngianasia hakucheka.
Alisema akiwa amekaa, kama anayeongea na kanga yake:
Juzi nilimkuta mmoja katikati ya maji, ameshikilia mzizi.
Sikumwuliza wa nani.
Nilimshika.

Mtendaji akaandika kitu. Sijui aliandika nini.
Tukaazimia kuunda kamati.

Usiku Aikaruwa ananiletea daftari la Kiswahili,
kila mwisho wa juma mzazi akague.
Taa ya sola inakonyeza, nusu inalala.
*Jaza nafasi zilizo wazi.*
Haba na haba hujaza kibaba. Vema.
Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Vema.
Mtoto umleavyo ndivyo
na hapo, kwa penseli iliyokandamizwa hadi karatasi ikatoboka:
*anavyovuka.*
Mwalimu Ndossi kapiga mkasi, wino mwekundu,
mkasi mkubwa kuliko neno.

Nikamwuliza, hii methali huijui?
Akasema: Naijua, baba.
Ila nilikuwa bado nina baridi.

Nafasi.
Mchana kutwa tulilitaja neno hilo,
kila mtu akimsogezea jirani
kama sahani yenye mfupa mtupu,
wala hatukuona kwamba nafasi ni pengo pia,
upana wa hatua kumi na nne za mtoto wa miaka kumi,
na chini yake maji.

Nikamwambia anyooshe miguu.
Mimi ninayejua namba ya kiatu ya nusu ya Kiboriloni,
ndipo nilipoona kisigino cha mwanangu
kimechanwa na jiwe, kidonda cha siku tatu,
kimeanza kufunga chenyewe.

Chini ya ule mkasi mwekundu pana mstari,
na chini ya mstari: *sahihi ya mzazi.*
Sikuwahi kulitazama neno hilo vizuri.
Jibu lake nikalitia sahihi.

Jumapili, kabla ya kengele ya kwanza ya ibada,
nikatoka na panga na kamba ya katani.
Maji yalikuwa yamepungua kidogo, si sana.
Ng'ambo kulikuwa na mtu, suruali kaikunja magotini,
anapima gogo la mgrevilea kwa hatua zake.
Sikumtambua upesi.
Hakuwa na faili.