Jiwe la Kilo Tano

Walipofukua kisima cha Kinyasini, kiangazi hiki,
walitoa ndoo mbili zisizo matako, kandambili moja,
na jiwe la mizani, kilo tano,
zito kuliko jina lake.

Mzee Hamad Chumu kaligeuza, kaona kizibo tumboni.
"Ndimi," akasema, hata hajaulizwa.
"Ndimi niliyemyeyushia risasi. Kanilipa shilingi mia na soda."

Na huyo aliyeyeyushiwa, picha yake leo iko kwenye kila mnazi
toka Wete hadi Konde,
anacheka kwa meno yote.

Shaame Faki. Mgombea. Zamani karani wa kituo,
miaka ishirini na miwili, kalamu sikioni,
na mama zetu foleni, magunia vichwani,
karafuu zimekauka hata zinalia ukizivunja.

Jumatatu alisema: jiwe lipi?
Jumatano wakala wake akasema limechongwa Unguja na mahasidi,
likaletwa kwa boti ya usiku.
Mpinzani wake naye akalitia mkononi, akalifunga kitambaa cheupe,
analitembeza mkutano hadi mkutano kama bibi harusi,
yeye ambaye skuli aliyosomea hatujaiona mpaka leo.

Mie ni fundi wa vipaza sauti.
Nawafungia wote, pesa nachukua mbele.
Siasa siingii, naingiza waya.

Alhamisi, kiwanja cha mpira, Shaame kapanda jukwaani,
kavua kofia.
Nikajua leo hakatai tena.
Mtu hakani na kichwa wazi.
"Ndugu zangu," akasema, "ujana ni moshi, ukienda haurudi."
Wazee wakatikisa vichwa, kila mmoja na moshi wake.
Kasema umasikini. Kasema shetani.
Kasema baba yake alikuwa kalazwa Chake, na kweli alikuwa kalazwa.
Akaomba radhi kwa wananchi wote wa jimbo,
na chozi likamtoka, moja, upande wa kamera.

Nilikuwa na miaka tisa siku Mama aliyorudi kituoni
pesa hazikutimia.
Nyumbani kapima mara tatu; kule zimepungua kilo mbili.
Akamtazama dada Zuwena, aliyelala chumba kimoja na gunia,
Zuwena aliyekuwa na bangili mpya, za kupewa.
Fimbo ya mpera. Sikuzihesabu.
Zuwena akasema wallahi.
Akasema tena, wallahi.
Kabla mwezi haujaandama kaozwa Tanga,
kwa mtu aliyemzidi baba umri,
maana mwizi hachagui mume.
Kazikwa huko huko. Habari tulizipata kwa simu ya jirani.

Usiku wa Alhamisi nikamweleza Mama habari ya jiwe.
Alikuwa anachambua mchele. Hakusema kitu, akaendelea,
mpaka nikaona anatupa mchele
anabakisha chuya.

Radhi ya Shaame ilikuwa ya jumla.
Deni letu la rejareja.

Jumamosi, mkutano wa kufunga, kanivuta pembeni:
"Fundi, sauti imenikauka. Nibebe."
Akapanda, na jiwe sasa kalifanya mzaha.
"Wanasema jiwe langu zito! Basi mgombea mwepesi mnamtaka wa nini?"
Kicheko kikatembea kiwanja kizima.
Kisha vijana, ambao hata hawajazaliwa siku ile,
wakaanza kuimba: Mzito! Mzito! Mzito!

Ningeweza kuchomoa waya. Mmoja tu, ule mwekundu.
Mkono ukaenda kwenye kitufe, nikaongeza.
Nikaongeza tena,
mpaka vipaza vikapiga yowe vyenyewe,
watu wakaziba masikio, Shaame akanigeukia,
na ndani ya yowe lile, niamini usiniamini,
nilisikia wallahi.