Makabidhiano ya Lindo

Saa kumi na mbili kasoro. Umewahi, Ambilikile.
Ingia kibandani. Baridi ya Julai haina adabu,
inashuka Loleza bila hodi
na kulala miguuni pako kama mbwa wa jirani.

Tochi hii hapa. Ukiiwasha, mulika chini.
Usimmulike mtu usoni:
wengine walishamulikwa vya kutosha kabla hawajafika huku.
Rungu hili liegemeze mlangoni, kitasa kimekufa.
Nililitumia mara moja tu,
na mkono bado haujanisamehe.

Manesi wako wodini na dawa zao.
Wewe ni wa getini. Lakini geti, mdogo wangu,
ndilo linalomwona mtu kwanza.
Wataletwa kwa bodaboda, wamebanwa katikati ya wajomba,
wataletwa kwa fuso la viazi kutoka Isongole,
udongo kwenye kope, mikono nyuma.
Ndugu watataka kukusimulia wewe,
maana daktari yuko mbali na wewe una kofia.
Sikiliza. Halafu sema: kamba haiingii.
Ifungue mwenyewe. Usikate. Fungua.
Itachukua muda.
Huo muda ndio karibu yako.

Tazama msumari ule nyuma ya mlango:
katani, manila, mpira wa baiskeli,
kanga iliyosokotwa hadi jina lake halisomeki.
Zilikuwa kumi na tisa. Hakuna aliyerudi kudai yake.
Nne nimezipeleka nyuma kwenye maharage,
yanapanda vizuri.
Ile ya kijani usiiguse.

Saa saba usiku Mwalimu Tusekile atakuja kwenye wavu.
Atauliza, "Basi la Kyela limepita?"
Usimwambie hakuna basi.
Usimwambie linakuja.
Mimi humjibu, "Bado sijaliona,"
naye hurudi kitandani,
kwa sababu hajadanganywa.

Halafu daftari. Kila saa unaandika: Hali shwari.
Miaka kumi na moja nimeandika hivyo,
hata usiku ule wa rungu.
Siku moja aliniomba alisahihishe.
Nikampitishia wavuni, na kalamu.
Penye kila "shwari" aliweka alama ya kuuliza,
na pembeni, kwa mwandiko wa ubaoni: Ya nani?
Msimamizi wa kampuni alinikata elfu kumi.
Nilimlipa. Swali sijalilipa.

Asubuhi muuza uji atakusalimu, "Ugonile?"
Umelala?
Wewe mjibu ndaga, pokea kikombe,
usianze kumweleza.

Unaiangalia ile ya kijani.
Haya.
Ilikuwa ya mbuzi.
Nilimfunga nayo Lugano, anayenifuata kwa mama,
mwaka ule mvua zilipobomoa daraja letu,
nikamswaga mpaka barabara kubwa.
Fundo la mbuzi, maana ndilo nililolijua.
Mzee wa zamu alipiga magoti hapa, kwenye tope,
akalihangaikia kwa kucha,
hakunitazama, hakusema neno,
akaitundika.
Baada ya mwezi nilirudi kuomba kazi.
Kamba sikuiomba.
Lugano sasa ana maparachichi, ana wake na wanawe,
Jumapili hunipigia simu, tunaongea bei ya mbolea.
Fundo hatujawahi kulitaja.
Ana alama kwenye kifundo cha mkono wa kushoto;
saa huivaa kulia.

Basi. Saini hapa, chini ya jina langu.
Penye "hali" andika unachokiona.
Mimi leo nimeandika:
Ukungu hadi kwenye mlingoti.
Wodi ya pili mtu anaimba, sauti nzuri.
Maharage yametoa maua.
Basi bado sijaliona.